Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauza Pweza

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita, ukiacha michango na habari za kuzikana, tulikubaliana jambo moja: meza ya mwanachama isiuze pweza asiyetimiza nusu kilo. Kiwango hicho hatukukibuni sisi, kwani Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zilikwisha kukiweka. Kilichokosekana ni mnunuzi wa kukataa.

Wachokoaji wa zamani, wanaomtoa pweza pangoni kwa kijiti, wanajua kuwa pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa kuwa umri wake ni kama mwaka mmoja hivi, anayetolewa mwambani kabla ya kutaga hana msimu mwingine wa kufidia. Heri yetu ni kwamba hukua upesi mno, ndiyo maana watu wa kisiwa cha Songosongo, na kabla yao wa kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska mwaka 2004, walifunga miamba isivuliwe kwa miezi michache tu ili pweza wanenepe.

Kazi ngumu imekuwa kwa mlaji, ambaye jioni huona kipande kwenye kijiti, kimechovywa pilipili, asijue kimetoka kwa pweza wa gramu 300 au wa kilo mbili. Kwa hiyo kamati iliagiza kila meza iweke pweza mzima kando ya sufuria, akatwe mbele ya mteja. Wapo walionung'unikia nzi, na hawakukosea, lakini wateja wameanza kuuliza, na wengine huondoka wakiona pweza wadogo.

Nakiri kosa langu. Mwezi Julai nilinunua ndoo ya pweza alfajiri bila kuimimina: wakubwa walikuwa juu, na chini yake vidogo vilivyolowekwa maji baridi vikavimba hata kupita mizani. Nilivipika na kuviuza, kwa sababu fedha ilikuwa ya mkopo wa chama. Tangu hapo tunanunua kwa pamoja, na hatupimi mpaka maji yachuruzike.

Limebaki suala la maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana na pweza wakubwa huadimika, bei hupanda na kishawishi hurudi. Kamati inapendekeza siku hizo tupunguze vipande na kuongeza ngisi mezani. Naomba mlijadili pendekezo hilo kabla ya kura, hasa nyinyi mnaouza supu peke yake.