Shoga, sindano usiache

Mambo shoga yangu, mtoto hajambo? Salamu zingine tutamalizia baadae, maana tangu Rehema aniambie umeacha kuchoma sindano za enoksaparini, zile za kuzuia damu isigande, ati kisa tumbo limejaa mabaka, hata usingizi siupati vizuri.

Yale mabaka nayajua mwaya, na mimi nilikuwa nayo tumbo zima nilipokuwa na mimba ya Ima, mengine ya bluu mengine yanaenda kijani, ukijitazama unaogopa kweli. Lakini ile ni damu imevilia chini ya ngozi pale sindano ilipopita, inafifia yenyewe. Cha kuogopa ni hilo donge la damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguuni. Enoksaparini hailiyeyushi, inalizuia tu lisikue wakati mwili wenyewe unaliondoa taratibu, sasa ukikatisha katikati linaweza kukua tena, au kipande kikamegeka kikapanda mpaka kwenye mapafu na hapo ndo mtu anaondoka ghafla. Na wewe ndo kwanza umejifungua tena kwa operesheni, wiki 6 hizi damu inaganda kirahisi kuliko hata ulipokuwa na mimba. Shoga usiache, nakuomba.

Mabaka yanapunguzika. Choma pembeni ya tumbo, mbali na kitovu kama sentimita 5, leo kulia kesho kushoto. Finya nyama, ingiza sindano wima mpaka mwisho, sukuma dawa polepole, usiachie ile nyama mpaka umechomoa. Kama unachoma dawa yote iliyomo kwenye bomba, kile kiputo cha hewa usikitoe. Halafu USISUGUE, Rehema anasema ukimaliza tu unasugua na pamba, hapo ndo damu inazidi kuvilia, we gandamiza kidogo tu basi.

Habari ya maziwa nayo isikutishe, dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno na mtoto akiimeza haifanyi kitu, ndo maana wanaonyonyesha wanapewa. Ila diklofenaki za maumivu usinywe kabla hujamuuliza daktari, zinaongeza kutoka damu.

Sasa niambie, umeruka siku ngapi? Usije ukachoma mbili kwa pamoja ati kufidia, piga simu kliniki leoleo wakuambie uendeleeje. Mguu umepungua kuvimba au bado? Unapumua vizuri, kifua hakichomi? Kama kinachoma au pumzi inakata acha kusoma hii barua, nenda hospitali sasa hivi. Damu ya uzazi haijaongezeka, fizi hazitoi damu? Walishakupima tena damu kuangalia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, maana dawa hii kuna watu inazishusha? Na anayekuchoma ni nani, ni wewe mwenyewe au Baba Nuru? Kama mkono unatetemeka nije nikuchome mimi, jioni huwa niko huru, nije?