Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2024/2025: Vifungo vya Lazima na Kazi Yetu Magerezani

Wanachama wenzangu,

Mwaka wetu ulikuwa umeanza tu, tarehe 12 Julai 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliporejesha kifungo cha lazima, yaani kile ambacho hakimu hawezi kukipunguza, cha miaka 20 kwa mfungwa wa kesi ya unajisi (ngono na mtoto wa chini ya miaka 18) ambaye Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia hadi 15. Majaji walisema uamuzi wao wa 2017 katika kesi ya Muruatetu, uliofuta ulazima wa hukumu ya kifo, ulihusu kesi za mauaji peke yake, na kwamba kuweka viwango vya vifungo ni kazi ya Bunge. Aprili 2025 walishika msimamo uo huo, wakarudisha kifungo cha maisha kilichokuwa kimegeuzwa kuwa miaka 40 huko Malindi.

Mnajua habari hizo zilivyopokewa ndani. Tangu 2022, Mahakama Kuu za Machakos na Mombasa zilipofungua mlango wa kupitia upya vifungo hivi, tumekuwa tukiwasaidia wafungwa kuandika maombi. Mlango huo umefungwa. Wasaidizi wetu wa kisheria ndio walioketi na watu waliokwisha kuwaambia jamaa zao kwamba wanakaribia kutoka, wakawaeleza hukumu inasema nini. Kazi hiyo ni nzito, na ninawashukuru kwa dhati.

Siipingi Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mtoto wa miaka 11 au chini akinajisiwa, kifungo ni cha maisha, na mimi sina tatizo na ukali huo. Kinachoniuma ni kifungu cha 8(4) cha sheria hiyo, kinachohusu watoto wa miaka 16 na 17. Mvulana wa miaka 17 aliyekuwa na uhusiano na mpenzi wake wa miaka 16 anaweza kupelekwa borstal (taasisi ya kurekebisha vijana wakosaji), Shimo la Tewa au Shikusa, kwa muda usiozidi miaka 3. Mwenzake aliyetimiza 18 anafungwa miaka 15 kwa uchache, hata kama msichana mwenyewe anasimama kortini kumtetea. Hakimu hana nafasi ya kumpa kazi za huduma kwa jamii, maana hizo ni za vifungo visivyozidi miaka 3. Mwaka wa 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa wenyewe walisema magereza yamejaa vijana wa namna hii, wakataka taifa lijadili jambo hilo. Mjadala wenyewe haujafika mbali.

Gereza ndilo linalobeba uzito huo. Kijana huyo analala bweni moja na watu wazima waliofanya ukatili wa kweli, na miaka ambayo angejifunza kazi na kuoa inaishia humo. Naye mwenye kifungo cha maisha hapati punguzo la theluthi kwa tabia njema. Kilichobaki kwake ni msamaha wa Rais.

Mwaka ujao tutafanya mambo mawili. Kwanza, tutatafuta wafungwa ambao siku zao za rumande hazikuhesabiwa kama sehemu ya kifungo. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai bado kinawapa haki hiyo, na miaka miwili ya rumande si kidogo. Pili, tutaandika waraka kwa Bunge kuhusu vijana waliokaribiana umri, na hatutaupeleka kabla ya kukaa na mashirika yanayowahudumia watoto walionajisiwa. Wao wakiukataa, tutaanza upya.

Kila tawi lilete orodha yake ya wafungwa wa rumande isiyohesabiwa, pamoja na nakala za hukumu, kwenye mkutano wa kamati ujao.