Malalamiko: ukuta wa nyumba yangu ya mbao hapa Shangani unakunywa maji, naomba mje muufungue

Kwa Meneja wa kampuni,

Salaam sana bosi. Mimi ni mteja wenu wa ile nyumba ya mbao ya vyumba vitatu huku Shangani Mtwara, ile nyeupe yenye baraza pana linaloangalia bahari, mlinikabidhi funguo mwaka jana mwezi wa kumi. Nimepiga simu mpaka nimechoka, kila nikipiga naambiwa fundi yuko saiti Lindi atakuja wiki ijayo, ndo maana leo nimeamua kuandika.

Kwanza niseme ukweli, paa halina shida. Kenchi zimekaa vizuri, bati halivuji, na lile baraza watu wanasimama barabarani kulitazama, fundi wa paa Mungu ambariki. Shida yangu ni kuta.

Siku mliyonionyesha ramani mlinieleza wenyewe kwamba huu ujenzi wa mbao za kulaliana umetoka Ulaya kaskazini ukashika sana Marekani upande wa New England, kule kwenye theluji na upepo wa bahari, na nyumba zinadumu kwa sababu ubao wa juu unaulalia wa chini kama magamba ya samaki, maji yakipiga yanateremka nje hayapati pa kuingilia. Nikapenda sana. Kwenye mkataba tukaandika mbao zilaliane inchi 1 na nusu. Sasa nimechukua futikamba nimepima mwenyewe ukuta wa upande wa bahari, sehemu nyingi ni nusu inchi, na juu ya dirisha la chumba cha watoto nimekuta robo, yaani mbao zilivyokauka zikasinyaa ukisimama ndani asubuhi unaona mstari wa mwanga. Juu ya hilo dirisha hamkuweka hata kipande cha bati cha kutoa maji nje. Mwezi wa pili mvua ilikuja na kaskazi inapiga ubavuni, ikaingia hapohapo ikaloanisha godoro na madaftari ya shule, tukalala sebuleni siku nne na watoto wanakohoa.

Nikamwita mjomba wangu aje aangalie, yeye ni fundi wa mashua Mikindani toka ujana wake. Hakuongea kwanza. Alienda kwenye kona akashika kichwa cha ubao, akabonyeza ukucha, ukucha ukazama. Akaniambia mpwa wangu, ubao unanywa maji kwa kichwani, na hapa hawajapaka kitu. Kwenye chombo angekalafati, yaani angeziba nafasi kati ya mbao, lakini ukuta wa namna hii haukalafatiwi, unatakiwa uache hewa ipite nyuma yake, kwa hiyo kila ubao unapakwa praima, ile rangi ya kwanza ya chini, mbele, nyuma na vichwani kabla haujapigiliwa. Nyie mmepaka mbele tu, pale panapoonekana. Akanionyesha na misumari, msumari mmoja umetoboa mbao mbili kwa pamoja, sasa ubao ukitaka kutanuka na kusinyaa unazuiwa unapasuka, ukuta ule mmoja nimehesabu mipasuko 17. Na misumari yenyewe ni ya kawaida haina zinki, hewa ya chumvi hii jamani! Kila kichwa cha msumari kimeshusha mchirizi wa kutu kwenye rangi nyeupe.

Halafu mchwa. Ramani inaonyesha ubao wa kwanza unaanza inchi 8 juu ya ardhi, msingi wa tofali uonekane. Nyie mmeushusha mpaka unagusa mchanga. Wiki iliyopita nafagia nyuma ya tenki la maji nikaona kinjia cha udongo, chembamba kama penseli, kimetoka chini kimeingia moja kwa moja kwenye ubao. Nikakibomoa kwa kijiti wakamwagika weupe. Kesho yake asubuhi kimeshajengwa tena, udongo bado mbichi. Nilikaa pale chini nikalia kusema kweli, maana hii nyumba ni hela ya korosho ya misimu mitatu, yangu na ya mama yangu kule Newala, na saa hizi tunapulizia salfa mashambani sina hela nyingine ya kumlipa fundi mwingine.

Kabla hatujasaini niliwauliza kuhusu vimbunga, kwa sababu Aprili 2019 tulivyotangaziwa Kenneth nilihama na watoto usiku, kikaenda kupiga Msumbiji. Mkaniambia nisiwe na wasiwasi. Ninao.

Ninachoomba ni hivi, ukuta wa upande wa bahari ufunguliwe wote, mbao zenye dawa, praima pande zote, misumari ya zinki ipigwe juu kidogo ya ubao wa chini isiutoboe, mbao zilaliane kama mkataba unavyosema, bati juu ya kila dirisha. Mbao za chini zinyanyuliwe nyumba nzima na mchwa wapigwe dawa. Kwa gharama zenu. Na iwe imeisha kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha, mvua zetu mnazijua.

Mjomba amesema atakuja kusimama na mafundi siku mtakayoanza. Mimi niko nyumbani kila siku kuanzia saa kumi jioni, nipigieni mje kupima.

Mteja wenu,
Mama wa nyumba nyeupe, Shangani