Mwalimu, kinanda kipumzike

Mwalimu,

Tumsifu Yesu Kristo! Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Kimya chetu tutakisemea tukionana. Sista kaniambia umepanga O magnum mysterium (“Ee fumbo kuu”) ya Victoria, yule mtunzi Mhispania, kwa Misa ya Usiku wa Noeli, kwaya nzima, na kinanda juu. Kwaya nzima, Mwalimu? Watu sitini?

Moteti ile, yaani wimbo mtakatifu wa kwaya kwa Kilatini, iliyochapwa Venice mwaka 1572, ni ya sauti nne tupu; kinanda kipumzike. Chagua wanne wanne kila sauti, inatosha. Hakuna sauti inayobeba wimbo huku nyingine zikisindikiza; kila moja ina njia yake. Ukijaza akina mama ishirini sauti ya kwanza, wanaume wa tenori na besi watabaki kufungua midomo tu.

Mtego uko mwanzoni. Sauti ya kwanza inaingia peke yake, kwa solfa (do, re, mi): mi, inashuka la, inarudi mi, mi, fa, mi. Sauti ya pili inafuata kwa mtindo uleule, wanaume baadaye. Kinachoharibika ni kule kurudi: wakitoka la hawaifikii mi sawasawa. Wa pili wanadaka pale walipoachwa, na besi inapoingia mmeshashuka nusu hatua chini ya mlipoanzia. Wafanyishe la–mi, la–mi kwa silabi “nu”, bila maneno, kinanda kiwape la kisha kinyamaze. Fa nayo iwe jirani kabisa na mi, wasiirukie.

Halafu usipige kila pigo la kwanza kama maandamano ya Matawi. Mistari ya baa, ile ya wima inayogawa mapigo, imeongezwa na wachapishaji wa baadaye. Uzito ufuate Kilatini: MA-gnum, my-STE-ri-um. Anayeanza kipande kipya asikike, aliyekwisha kukiimba ajishushe.

“O beata Virgo” (Ee Bikira mwenye heri) wote wanatamka pamoja. Wavute pumzi kwa pamoja kabla yake. Wapunguze sauti, mwendo usilale. (Hapo ndipo wengi wetu tunapojifanya tunalia.) Kwenye Aleluya, mapigo matatu yachukue muda uliokuwa wa mawili, bila kukimbia. Kabla ya mwisho mnarudi kwenye mawili. Usipowaonya, nusu yao watabaki kwenye matatu.

Narudi kwa kinanda. Najua mpigaji wako atasema bila yeye mtashuka. Basi anzeni hatua nzima juu ya ilivyoandikwa. Zama zile hapakuwa na kimo kimoja cha sauti kama leo, kwa hiyo hakuna dhambi, na akina mama wa sauti ya pili watakushukuru, maana sehemu yao iko chini mno.

Sasa niambie: nakala yako ni ya solfa au ya noti za mistari? Tena wangapi wanasoma wenyewe? Baba Paroko kakubali Kilatini? Na yule bwana wa besi bado anaburuza? Nikunakilie solfa ya sauti zote nne, au utaanza na mbili za juu?

Mwalimu mwenzio