Risala ya wanachama wa chama cha wanafunzi wa uchumi kwa mgeni rasmi, mtafiti wa ajira, familia na kodi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mlezi wa chama chetu,
Walimu wetu wapendwa,
Wageni waalikwa na wanachama wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Chama chetu hukutana kila wiki kusoma tafiti za uchumi na kuzijadili. Tulipoanza, wengi wetu tuliamini kuwa ajira husomwa viwandani na maofisini, kodi husomwa hazina, na mambo ya mume na mke ni ya wenyewe. Maandishi yako yametutoa huko. Umetuonyesha kwamba bajeti ya serikali hubisha hodi katika kila nyumba, na ikishaingia humgusa kila aliyemo kwa namna yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutokana na kazi yako tulimsoma Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023. Alipofuatilia ajira ya wanawake wa Marekani kwa zaidi ya miaka 200, alikuta kumbukumbu nyingi za zamani zikimtaja mwanamke aliyeolewa, mahali pa kuandika kazi yake, kwa neno moja tu: mke. Huenda alilima shamba la familia au aliendesha biashara pamoja na mumewe, lakini karani hakuyaona hayo. Siku tuliposoma habari hiyo, kikao chetu kilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumkumbuka.

Tukaendelea hadi Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nafuu ya kodi iliyokuwa ikionekana katika mshahara wa baba iliondolewa, na mahali pake ikawekwa posho ya mtoto anayopewa mama mkononi. Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walichunguza matumizi ya familia, na mwaka 1997 wakaeleza walichokiona: matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Sisi tuliofundishwa kuwa familia ina mfuko mmoja, hapo ndipo tulipoelewa kwamba mkono unaopokea fedha nao una uamuzi wake.

Kodi ya mapato nayo ina siri yake. Mapato ya wanandoa yakijumlishwa na viwango vya kodi vikawa vya kupanda kadiri kipato kinavyoongezeka, senti ya kwanza ya mwenye kipato kidogo hukatwa kwa kiwango kilekile kinachoangukia senti ya mwisho ya mwenzake. Mara nyingi mwenye kipato kidogo ni mke, na akijumlisha kodi hiyo na gharama za kulelewa mtoto, huona afadhali abaki nyumbani. Sweden iliona tatizo hilo, na tangu mwaka 1971 ikaanza kumtoza kila mmoja kivyake. Hata hivyo kodi peke yake haimalizi kazi. Huko Denmark, Henrik Kleven na wenzake walionyesha kuwa kipato cha mama hushuka mara tu mtoto wa kwanza anapozaliwa, na baada ya miaka mingi bado huwa nyuma ya cha baba kwa takriban asilimia 20. Cha baba hakitikisiki. Tunakiri kwamba takwimu hiyo imetuuma, hasa kwa kuwa imetoka katika nchi yenye huduma nyingi za malezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni takwimu. Hojaji nyingi za kaya humuuliza mkuu wa kaya peke yake, naye huwajibia wote. Tafiti za matumizi ya muda ni chache, na upishi, usafi na malezi yasiyolipwa hayaingizwi katika pato la taifa. Tunawezaje kupima kodi inamfanya nini mtu ambaye saa zake za kazi hazijaandikwa popote?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, utufundishe kuandaa hojaji itakayomsikiliza kila mtu mzima wa kaya kwa nafasi yake, bila mwenzake kumjibia. Pili, ukubali kusoma na kusahihisha utafiti wetu wa kwanza, unaohusu mgawanyo wa saa za malezi kati ya wazazi walioajiriwa. Usituonee haya kwenye makosa, tuko tayari kuurudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.