Kabla Hujatuomba Kusogeza Tarehe ya Kurudi

Simu za namna hii tunazipokea mara kwa mara: "Naomba mnisogezee tarehe ya kurudi, miezi mitatu tu." Kusogeza tarehe si kazi kubwa. Ndege ikiwa na nafasi na mteja akilipa tofauti ya nauli, mambo yamekwisha. Ila siku hizi mteja mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, tunamuuliza kwanza: ulitoka Marekani lini? Wengine huona tunawachimba. Basi wacha tueleze kwa nini tunauliza, tukikumbusha kwamba sisi ni wakata tiketi, si mawakili.

Karibu kila mteja anaijua "sheria ya miezi sita", na wengi wanaijua nusunusu. Wanaamini kwamba ukigusa ardhi ya Marekani kabla miezi sita haijaisha, umejiokoa, na unaweza kuondoka tena wiki inayofuata. Sheria inachosema ni kwamba ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, unaporudi unaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na afisa ana nafasi pana zaidi ya kukuhoji. Haisemi kwamba siku 179 ni kinga. Ukaazi wa kudumu umejengwa juu ya swali moja: makao yako yako wapi? Mtu anayekuja wiki mbili kila baada ya miezi mitano, akafikia kwa rafiki na kuondoka na sanduku lilelile, machoni pa afisa ni mgeni tu, hata kama kadi yake ni halali. Na yupo mwingine aliyekaa miezi minane akimuuguza mzazi, huku nyumba yake, kazi yake na watoto wake wakimsubiri Marekani. Huyu ana maelezo yanayoshikika.

Kwa hiyo ukisafiri kwa muda mrefu, beba ushahidi wa makao: mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri inayosema likizo yako inaisha lini, taarifa za benki, na nakala za ritani za kodi. Kodi ndiyo inayowaponza watu kimyakimya. Mwenye grinikadi anatakiwa kutangaza mapato yake yote, hata aliyoyapata nje ya Marekani. Ukijaza ritani ukijiita si mkaazi ili ulipe kidogo, umeweka saini kwenye karatasi inayoweza kuja kusomwa kama ushahidi kwamba ukaazi umeuacha.

Mwaka mmoja ni ukuta wa aina nyingine. Ukikaa nje mwaka mzima au zaidi, kadi peke yake haitoshi tena kuwa hati ya kurudia, hata kama tarehe iliyochapwa juu yake bado iko mbali. Tatizo linaweza kuanzia kwenye kaunta ya shirika la ndege kabla hujamwona afisa yeyote wa Marekani. Mashirika hutozwa faini yakimpakia abiria asiye na hati zinazotakiwa, kwa hiyo wafanyakazi wao huangalia mihuri kwenye pasipoti. Tiketi tutakuwa tumekuuzia, na ndege itaondoka bila wewe.

Anayejua mapema kwamba safari itapita mwaka aombe kibali cha kurudi nchini, kwa fomu I-131 inayopelekwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Sharti ambalo watu hulikosa ni hili: unapoiwasilisha fomu hiyo lazima uwe ndani ya Marekani. Ukishaondoka, umechelewa. Kwa kawaida utaitwa pia kuchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo usikate tiketi ya keshokutwa. Baada ya hapo unaweza kusafiri, na kibali ukakichukulia kwenye ubalozi wa Marekani ulioutaja kwenye fomu. Kwa kawaida hudumu miaka 2, wala hakiongezwi muda. Ukitaka kingine, rudi uombe upya. Aliyekaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita kwa kawaida hupewa cha mwaka 1. Mwenye grinikadi ya masharti, ile ya miaka 2, asikitumie kibali kama kisingizio cha kuchelewesha ombi la kuondoa masharti. Na kibali si ahadi ya kuruhusiwa kuingia. Kazi yake ni kuzuia usihukumiwe kwa urefu wa safari peke yake.

Na aliyekwisha kupitiliza mwaka bila kibali? Njia iliyopo ni viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Utatakiwa kuonyesha kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichokuzuia hakikuwa mikononi mwako, kama ugonjwa. Tusidanganyane, ni njia nyembamba, na "nilikuwa namalizia ujenzi" haipiti kirahisi.

Ukifika uwanja wa ndege ukaambiwa umepoteza ukaazi, unaweza kupewa fomu I-407 utie saini. Fomu hiyo inasema unaurudisha ukaazi kwa hiari yako. Hulazimiki kuisaini. Una haki ya kuomba shauri lako lisikilizwe na jaji wa uhamiaji, na huko ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba uliacha makao yako. Watu husaini kwa sababu ya uchovu wa safari na hofu. Usiku huo mtafute wakili, si sisi.

Kadi ikipotea ukiwa nje, na hujafikisha mwaka, kuna fomu I-131A: unalipia mtandaoni, kisha unakwenda ubalozini kupata hati ya kupandia ndege. Mama mwenye grinikadi akijifungua akiwa safarini, mtoto anaweza kuingia bila viza ya uhamiaji akiwa chini ya miaka 2, mradi aje na mzazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi. Mama akirudi peke yake kwanza akamwacha mtoto kwa bibi, nafasi hiyo imepotea.

Wanaosubiri uraia wana saa nyingine kabisa. Safari ya zaidi ya miezi sita hutia shaka kwenye mfululizo wa ukaazi wao, na ya mwaka mzima huukata, hata mkononi uwe na kibali cha kurudi.

Kwa hiyo ukija kukata tiketi ya safari ndefu, njoo na tarehe uliyotoka mara ya mwisho na kadi yako tuitazame. Ukiwa tayari uko nje, tupigie ukitimiza miezi mitano tangu utoke. Ukingoja hadi miezi kumi na moja, nafasi za ndege unazozitaka huenda zimeshajaa.