Idd Mubarak, na salamu kwa mzee wa madafu

Idd Mubarak ndugu jamaa na marafiki, mwezi umeandama, mtaa mzima unanukia pilau toka alfajiri na mimi Mkristo wenu nimeshaalikwa nyumba tatu na zote nitafika inshallah. Ila kabla sijatoka naomba niwasimulie kitu, kimenijaa moyoni wiki nzima.

Machi 2024 nilikuwa narudi mjini na baiskeli toka Bagamoyo, peke yangu, nimeshaipita Mapinga naitafuta Bunju, saa saba mchana, lile jua la kabla masika hayajashuka, mara tairi la nyuma likalala. Pampu ninayo, viraka sina, maji yameisha kitambo. Nikaanza kukokota. Malori yanapita, bodaboda zinapita, siwalaumu kila mtu na safari yake. Ndo akatokea mzee mmoja na baiskeli ya kizamani kapakia madafu mpaka tairi la nyuma halionekani, akasimama mwenyewe bila kuitwa. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, pancha hiyo?

Hakuanza na baiskeli. Alichomoa panga akafyeka dafu akanipa, kunywa kwanza umekauka. Nikanywa nusu nikamrudishia naye anywe, akasema mie nimefunga. Midomo imempauka kabisa, kakanyaga pedeli toka huko alikotoka na mzigo ule wote, madafu sijui arobaini sijui hamsini mgongoni kwake, na hajagusa hata moja! Halafu yale maji yaliyobaki kwenye dafu langu ndo akayamwagia chubu kidogo kidogo mpaka vipovu vikatoka, tundu likaonekana, akapasugua na msasa, akapaka soluweshen, akasubiri ikauke, akabandika kiraka alichokikata kwenye chubu kuukuu akakigonga taratibu na mpini wa panga. Nikatoa hela akanisukumia mkono, weka mwanangu, nenda salama. Na mimi nilikuwa kwenye Kwaresima, njia nzima mpaka Tegeta nikawa naifikiria funga yangu upya. Jina lake sikuuliza. Hilo limeniuma miaka miwili.

Sasa wiki iliyopita natoka kazini, napita Magomeni, foleni imeganda, adhana ya magharibi inalia, nje ya nyumba moja wametandika mikeka, tende, uji, magimbi ya nazi, tambi, na vijana wanasimamisha wapita njia karibu futari, karibu futari, hawaulizi wewe nani wala umefunga au hujafunga. Hiki kitu nakipenda sana kwenye Ramadhani ya Dar, mtu ana njaa ya kutwa nzima na kabla hajaweka chochote mdomoni anahangaika wewe upate. Nikashuka. Mzee mmoja aliyekaa pembeni ya mkeka akaninyooshea tende, usoni haniangalii, anaangalia tairi langu la nyuma.

"Kile kiraka kimeshika?"

Jamani. Niliikumbatia ile kanzu mpaka wajukuu wakacheka. Kumbe kaja kwa binti yake kumalizia kumi la mwisho. Akaniambia siku ile ilikuwa kumi la kwanza, tukahesabu, wiki ni ile ile ya katikati ya Machi, ila mfungo unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ndo maana safari hii umetukuta unaishia. Kakagua tairi kwa kidole gumba, kabonyeza mara mbili, karidhika. Chubu ni ile ile mzee wangu, sijawahi kuibadilisha.

Jina lake ninalo sasa, nimelihifadhi. Leo kwenye zile nyumba tatu naanzia Magomeni, nimemfungashia soluweshen mpya mbili na msasa, hela alikataa ila hivi naamini atapokea.

Wote mliofunga, Mungu azipokee swaumu zenu. Idd njema, na mkiniona napita na baiskeli niiteni.